Shokapu mpya, gari bado linadunda

Gari likianza kurukaruka baada ya kila tuta kuanzia Tengeru mpaka Bomang'ombe, mwenye gari hukimbilia neno moja: shokapu. Fundi naye hakatai. Zinanunuliwa mpya, zinafungwa, wiki mbili baadaye gari linadunda vilevile na moja imeshaanza kutapika oili. Hapo kila mtu anasema zilikuwa feki.

Wakati mwingine ni kweli. Ila shokapu nyingi zinazoitwa feki zilitoka dukani zikiwa nzima, zikauawa na urefu usiofaa, na plaizi ya fundi, au na nati iliyokazwa tairi likiwa linaning'inia. Halafu kuna zile mbovu tangu kwenye boksi, ambazo zingegundulika palepale kaunta kwa dakika tano. Kuzitofautisha kuna maana, kwa sababu mwenye duka atakusikiliza kwa hizo za mwisho tu.

Jambo la kwanza ambalo watu hulikosea: shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza. Ndani kuna pistoni yenye vitundu vilivyofunikwa na vibati vyembamba vya chuma, na oili inalazimishwa kupita hapo kila rodi inapoingia au kutoka. Nguvu ya mtikisiko inageuka joto, joto linatokea kwenye bati la nje. Kwa hiyo Noah iliyolala nyuma haiponi kwa shokapu, hata ununue za bei gani. Hiyo ni springi imechoka au mzigo umezidi. Gari linalovuta upande mmoja au stelingi inayogonga, anzia kwenye boljointi, tairodi endi na bushi za mikono (vyuma vinavyoshika tairi kwenye bodi).

Mabomba mawili au bomba moja

Kwenye lami ya Arusha kwenda Moshi shokapu inapata kazi sekunde mbili kwenye tuta, kisha inapumzika. Ukivuka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, kuelekea Serengeti, au ukitoka Mto wa Mbu kushika njia ya Engaruka hadi Natron, habari ni nyingine. Barabara ina mikunjo kama bati. Mikunjo ikiachana sentimita 80, nawe unakwenda kilomita 50 kwa saa, tairi linapigwa mara 17 hivi kila sekunde, kwa saa nzima. Oili inachemka na kuwa nyepesi. Ikichanganyika na gesi inatoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana gari lililoondoka mjini likiwa imara linaogelea kabla ya saa sita mchana, kisha likipoa usiku linarudi sawa. Hiyo shokapu si mbovu, ni ndogo kwa kazi uliyoipa.

Zilizojaa madukani ni za mabomba mawili: bomba la ndani ambamo pistoni inatembea, la nje linalohifadhi oili ya akiba, na juu ya oili hiyo gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mdogo. Ni za bei nafuu, gari linatembea laini, na bomba la nje likibonyezwa na jiwe pistoni haijui. Udhaifu wake ni kwamba oili inayochemka iko ndani, mbali na upepo. Za bomba moja zina oili na gesi ndani ya silinda ileile, zikitenganishwa na pistoni ya pili inayoelea, na mgandamizo wa gesi unafika bar 20 hadi 30. Mfumo huu ulisukumwa mbele miaka ya 1950 na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon. Hapa oili inagusa bati la nje moja kwa moja, inapoa haraka, na mgandamizo mkubwa unazuia povu. Lakini pistoni inasugua ukuta huohuo unaopigwa mawe. Mbonyeo wa ukubwa wa sarafu kwenye ubavu, pistoni inakwama au inachanika.

Kwa IST au Spacio inayoishi kati ya Njiro na Sakina, bomba moja ni kutupa hela. Nunua za mabomba mawili zenye gesi, kipimo cha kiwanda, basi. Kwa Land Cruiser ya utalii iliyorefushwa, yenye paa la kufunguka, abiria saba na mizigo yao, hapo ndipo kupandisha daraja kunalipa. Chaguo ni bomba moja lenye kava ya chuma ya kukinga mawe, au mabomba mawili yenye mwili mnene unaobeba oili nyingi zaidi. Binafsi, kwa njia za mawe nampa alama huyu wa pili, hata kama hana sifa mitaani.

Ugumu nao una mipaka. Wengi wanafikiri shokapu ngumu kuliko zote ndiyo bora. Kwenye mikunjo, shokapu inayozuia sana rodi isitoke haiipi springi muda wa kurudi kabla ya pigo linalofuata. Kidogo kidogo gari linakaa chini, linaanza kugonga raba za kugongea (zile zinazozuia ekseli isigonge bodi), na abiria wanalalamika kwamba limekuwa gogo. Shusha upepo wa matairi kutoka PSI 40 hadi 30, punguza mwendo, ujaze tena ukirudi lami. Hiyo inaisaidia shokapu kuliko kubadilisha jina la kampuni.

Urefu ndio unaoua nyingi

Mtu akifunga springi za kunyanyua gari milimita 50 akaacha shokapu za urefu wa kiwandani, ameziwekea tarehe ya kufa. Tuseme kabla ya hapo shokapu ilikuwa na milimita 60 za kutoka, gari likiwa limesimama. Sasa zimebaki 10. Kila shimo, tairi linaposhuka, pistoni inagonga kwa ndani kwenye kichwa cha silinda, palepale ilipo sili, raba inayozuia oili isitoke. Baada ya safari mbili oili inatoka, na duka linalaumiwa.

Ndefu kupita kiasi ni mbaya vilevile, maana inafika mwisho wa kuingia kabla raba ya kugongea haijafanya kazi. Uzito wote wa gari unapita kwenye rodi, na kinachofuata ni jicho (pete ya kupitishia bolti) kuchanika au pini ya juu kukatika.

Kupima kwenye ekseli nzima, kama ya Land Cruiser, ni rahisi. Egesha gari pasipo mteremko, likiwa na mzigo wa kawaida. Pima umbali kati ya kishikio cha juu na cha chini cha shokapu. Tuseme ni milimita 460. Pima nafasi kati ya ekseli na raba ya kugongea; tuseme 90. Raba ikigandamizwa kwa nguvu inapungua nayo, hesabu 30 hivi. Toa 90 na 30 kwenye 460, unabaki na 340. Huo ndio ufinyu wa mwisho, kwa hiyo shokapu ikifungwa kabisa isizidi 330, ibaki sentimita moja ya usalama. Kisha nyanyua bodi mpaka tairi lining'inie, angalia mpira wa breki na waya wa ABS. Ukiona mpira umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, shokapu ndefu haifai mpaka mpira urefushwe. Kwa Prado, ambayo mbele haina ekseli nzima, hesabu hii haikubali, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono na inatembea kidogo kuliko tairi. Hapo toa springi, pandisha mkono kwa jeki mpaka ukae kwenye raba, upime umbali halisi.

Kaunta

Duka zuri halikatai ombi hili: "Kaka, naomba nizipime hapahapa kabla sijalipa." Anayekunja sura, ushajua. Nenda na kipande cha kitambaa, futi kamba, na kama unanunua za bomba moja, beba mizani ya kupimia uzito wa mtu. Utachekwa kidogo. Ibebe tu.

Anza na boksi. Namba ya boksi na namba iliyo kwenye mwili wa shokapu zifanane herufi kwa herufi. Kwenye gari kama IST, shokapu ya mbele kushoto si sawa na ya kulia, maana kishikio cha mpira wa breki kinaangalia upande tofauti. Kupewa kushoto mbili ndani ya maboksi mawili tofauti ni kosa la kawaida sana, na mtu huligundua gari likiwa limeshafumuliwa. Zisimamishe mbili pamoja kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Rodi: itoe yote, ipanguse, pitisha ukucha kuanzia juu hadi chini. Inapaswa kuteleza kama glasi. Kovu lolote linalokwaruza ukucha, alama ya kutu, au kromu iliyofifia kama bati la zamani, irudishe. Izungushe taratibu huku ukitazama ncha: ikichora duara badala ya kutulia mahali pamoja, imepinda.

Weldi ya jicho au kishikio iwe imezunguka kote, isiwe matone matatu. Ukiona kidoa cha weldi au cha rangi kipya ubavuni au kitakoni, hiyo imetobolewa, ikajazwa oili, ikazibwa. Ujanja huo upo. Shokapu ya namna hiyo inaweza kupita kipimo cha mkono vizuri kabisa, ila sili yake ni ileile ya zamani.

Sasa kipimo chenyewe. Za mabomba mawili hulazwa rafu miezi mingi, gesi inahamia bomba la ndani, na ukiibonyeza mara ya kwanza inaingia kama sindano tupu. Usiikatae bado. Igeuze kichwa chini, ibonyeze yote, igeuze wima, ivute yote. Rudia mara nne au tano. Baada ya hapo ibonyeze na kuivuta katikati, mbele na nyuma kidogo kidogo. Nguvu iwe ileile pasipo nafasi tupu mkono unapogeuka. Ikibaki na kilegevu cha sentimita moja au mbili kila unapobadili mwelekeo, oili ni pungufu au valvu ya chini haizibi. Hiyo ni mbovu, na haitapona barabarani.

Kama ni ya gesi, iachie ikiwa imebonyezwa: rodi itoke yenyewe, polepole, mpaka mwisho. Ya oili tupu haitoki, na haina kosa. Ziachie mbili kwa pamoja. Moja ikifika na nyingine iko nusu ya njia, usizichukue hizo mbili, maana tofauti hiyo utaikuta kwenye breki za ghafla.

Mizani ni kwa za bomba moja. Rodi ya milimita 14 ina eneo la sentimita 1.54 za mraba, na gesi ya bar 25 inaisukuma kwa kilo 39 hivi. Simamisha shokapu juu ya mizani, rodi juu, ibonyeze taratibu mno, usome namba inapoanza kuingia. Toa uzito wa shokapu yenyewe. Utapata karibu na hiyo, ikizidi kidogo kwa sababu ya msuguano wa sili. Kinachotafutwa si 39 kamili, ni mbili kulingana. Moja ikisoma 40 na nyingine 22, ile ya pili imeshapoteza gesi bado iko dukani. Kwa za mabomba mawili mizani haina faida: rodi ya 12.5 kwa bar 5 ni kilo sita tu, msuguano unaimeza.

Halafu bushi. Bonyeza kwa kidole gumba na unuse. Raba iliyo ngumu kama soli ya kiatu au yenye nyufa ndogo ukiikunja imekaa ghalani muda mrefu. Hilo halikuzuii kununua ikiwa unaweza kupata bushi nzuri peke yake.

Za mtumba? Zipitishe njia hiyohiyo, ongeza kuangalia kutu kwenye sahani ya springi, kwa kuwa magari ya sehemu za Japani zenye theluji huliwa na chumvi ya barabarani hapo. Shokapu ya kiwandani iliyotumika ikivuka vipimo vyote, mimi naichagua mbele ya mpya isiyo na jina.

Kufunga

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Za Land Cruiser hazina siri, siri iko kwenye kukaza. Za mbele za IST na ndugu zake, ambazo springi imekaa juu ya shokapu, zinaweza kuua mtu, kwa hiyo tulia hapa.

Gari likiwa bado chini, legeza nati ya katikati ya mauntingi (kishikio cha juu cha shokapu) nusu mzunguko tu. Usiitoe. Nyanyua, weka stendi, toa tairi. Weka alama ya rangi kwenye bolti mbili kubwa za chini zinazoshika nako (chuma kinachobeba habu ya tairi), kwa sababu matundu yake yana nafasi kidogo na nafasi hiyo ndiyo inayoamua tairi limelala kiasi gani. Fungua kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS, toa stabilaiza linki huku umeizuia pini yake kwa elenki (ufunguo wa pembe sita), gonga bolti mbili za chini, kisha nati tatu za juu. Nako usiiache ikaning'inia kwa mpira wa breki, ifunge kwa waya kwenye springi au bodi.

Springi ibanwe kwa vibanio viwili vinavyotazamana, ukikaza kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, mpaka mauntingi ilegee na uweze kuizungusha kwa mkono. Hapo ndipo nati ya katikati inatoka. Kuifunga springi kwa waya wa nondo, kama inavyofanyika kwenye gereji za chini ya mti, ni kucheza na kitu kinachoweza kukata taya.

Raba ya kugongea na buti ya kuzuia vumbi ziwe mpya. Watu huziacha za zamani ili kuokoa hela ndogo, na kwa ukanda huu ni kosa kubwa. Vumbi la Engaruka lina majivu ya volkano. Likikaa kwenye rodi yenye unyevu wa oili linafanya kazi ya msasa. Beringi ya mauntingi izungushe kwa vidole: ikikwaruza, badilisha, la sivyo utasikia springi ikilia kila unapokata kona na utailaumu shokapu. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake kwenye sahani, isipande juu.

Rodi isishikwe kwa plaizi wala vaisigripu wakati wa kukaza nati ya juu. Ncha yake ina tundu la elenki au imebapwa kwa ajili ya spana, tumia hapo. Gani ya upepo, ile mashine ya kukazia nati, nayo iweke pembeni. Inaizungusha rodi kwa kasi ndani ya sili kavu na inaweza kulegeza nati ya pistoni kule ndani, halafu unasikia kitu kinagonga na hujui kinatoka wapi.

Kwa Toyota ndogo nyingi, nati tatu za juu zinakazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 39, nati ya katikati kati ya 33 na 47, stabilaiza linki 74, bolti mbili za chini kati ya 130 na 155. Kitabu cha ufundi cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukimaliza, alaimenti, siku hiyohiyo.

Kwa shokapu zenye jicho, bolti ya jicho ikazwe gari likiwa limekaa kwa matairi yake. Bushi ya jicho haizunguki, inajisokota. Ukiikaza tairi likining'inia, kila siku inaishi imesokotwa, na inachanika mapema. Kwa zenye pini, kaza mpaka raba ivimbe ilingane na upana wa wosha, uishie hapo. Fundi anayekaza mpaka raba ipasuke ubavu anaondoa mchezo wote wa pini, rodi inaanza kupindwa badala ya kuyumba, na siku moja inakatika kwenye uzi.

Safari ya kwanza ya vumbi, simama baada ya kilomita 20. Kwa nyuma ya mkono, na kwa tahadhari maana zinachoma, sogelea kila shokapu. Inayofanya kazi ina joto. Ikiwa tatu zina joto na moja ni baridi, baridi hiyo ndiyo iliyokufa. Kipimo hiki kinashinda kile cha kubonyeza kona ya gari na kuhesabu midundo, hasa kwa Land Cruiser yenye springi za bapa, ambazo zinasuguana na kujituliza zenyewe hata pasipo shokapu.

Kuisoma iliyokufa

Imevuja. Kabla ya kwenda dukani kupandisha sauti, itazame vizuri, na usiioshe. Ukungu mwembamba wa oili sentimita chache chini ya sili, wenye vumbi lililoganda, ni jasho la kawaida. Sili inahitaji filamu ya oili ili isikauke. Mchirizi unaofika chini na kudondoka ndio uvujaji.

Toa buti, vuta rodi yote, tafuta kovu. Mikwaruzo mifupi ya mlazo, imejipanga kama meno, karibu na ncha ya juu: plaizi. Mstari mrefu wa wima: vumbi au buti iliyochanika. Rodi safi kabisa, haina kitu, na oili imetoka ndani ya kilomita mia chache: sili ya kiwandani, hapo una kesi. Rodi inayong'aa zaidi upande mmoja inaonyesha inalalia sili, yaani kishikio kimepinda au bushi imekazwa kupita kiasi.

Hakuna kovu, lakini raba ya kugongea haina alama yoyote ya kuguswa na jicho la shokapu limeanza kuchanika? Shokapu ilikuwa ndefu, ilifika chini kabla ya raba. Ikivuja kwenye gari lililonyanyuliwa, na ukiitoa unaisikia inagonga kavu mwisho wa kuvutwa, ilikuwa fupi. Weldi iliyoachia kwa ukingo safi, bila chuma cha jicho kunyumbuka, ni kazi mbaya ya mtengenezaji.

Kelele peke yake si ushahidi. Gari likigonga baada ya kufunga mpya, fuata mpangilio huu: nati ya katikati ya mauntingi, stabilaiza linki, bushi za mkono, boljointi. Shokapu iwe ya mwisho kushtakiwa.

Kurudisha

Lile bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" halifuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa iendane na maelezo iliyouziwa, na anayeuza bidhaa za aina hiyo kila siku anawajibika kwa ubora wake. Ila sheria bila risiti ni maneno, kwa hiyo dai risiti ya EFD yenye namba ya shokapu, na tunza maboksi. Piga picha namba za mwili kabla hazijafungwa na alama za rangi kwenye nati baada ya kukazwa.

Rudi mapema, siku unayoona mchirizi. Peleka zote mbili, nzima na mbovu, zikiwa na uchafu wake. Ukiwa kaunta fanya kipimo kilekile mbele ya muuzaji: nzima kwanza, halafu mbovu. Kilegevu anachokisikia kwa mkono wake mwenyewe kina nguvu kuliko maelezo yako ya dakika kumi. Atasema fundi wako alifunga vibaya. Mwonyeshe rodi isiyo na kovu, raba iliyoguswa kawaida, bushi ambayo haijapasuka. Hana pa kukimbilia zaidi ya hapo, na wengi wakifika hapo wanabadilisha, kwa sababu nao wanamrudishia wakala wao. Hela taslimu ni ngumu kurudi. Jozi nyingine inapatikana. Sisitiza jozi. Moja mpya ya toleo lingine ukiifunga na moja iliyokwishatembea, utarudi kwenye gari linalopiga kona moja vizuri na nyingine vibaya.

Ikiwa boksi na nembo ni vya kuigiza, hilo ni suala la Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Ubora usiofikia viwango ni wa TBS, Shirika la Viwango. Wasilisha na risiti na picha.

Ukishindwa kote, usikubali kuijazisha. Shokapu chache zimetengenezwa ili zifunguliwe, zina kifuniko cha uzi na valvu ya gesi, na hizo huwekwa sili mpya, oili ya kipimo chake na naitrojeni. Upepo wa kompresa haufai, una unyevu na oksijeni. Zilizobaki zote ni za kutupa.

Na za kutupa zina hatari yake. Vijana wa skrepa wakiikata ya bomba moja kwa gesi ya moto ikiwa bado na mgandamizo, inapasuka. Kabla hujaitoa gerejini ibane kwenye vaisi, rodi imetolewa nje, vaa miwani, ufunike kwa tambara, toboa kwa msumari wa dreli wa milimita 3 upande wa kitako ambako gesi imekaa, polepole. Utasikia inapumua. Iache imalize, kisha toboa tundu la pili juu zaidi, oili iingie kwenye pipa la oili chafu.